Daftari la Mto Lifunguliwe

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati mbele ya mkutano wa wanamageuzi na watumiaji wa maji wa bonde la juu la Ewaso Ng'iro)



Kabla ya kudai lolote leo, hatuna budi kuomba radhi. Mwezi wa Februari mwaka 2022, ukame ulipokuwa umekaza, mama zetu walikuwa wakifika kivukoni alfajiri na kukuta mawe matupu. Kabla ya adhuhuri maji yalirudi, kidogo kidogo, kana kwamba mto ulikuwa umelala ukaamshwa. Sisi wa kamati tulikutana, tukazungumza kwa hasira, na tukakata shauri kwamba mwizi ni jirani yetu mmoja wa upande wa juu, mkulima wa kabeji na vitunguu mwenye nusu ekari na bomba lisilozidi unene wa kidole gumba. Vijana walitumwa usiku. Bomba lilikatwa. Miche ya jirani yetu ilikauka katika muda wa juma moja, na karo ya watoto wake ya muhula uliofuata ilikauka pamoja nayo.

Alfajiri iliyofuata mawe ya kivukoni yalikuwa makavu vilevile.

Mzee huyo yumo katika mkutano huu. Tumemlipa bomba lake. Msimu wake hatukuweza kumlipa. Tunalisema jambo hili hadharani kwa sababu hatutaki mtu yeyote adhani kwamba tumekuja hapa tukiwa watu wasafi wanaowanyoshea wengine vidole. Tulikosea, na tulikosea kwa sababu hatukujua. Na hatukujua kwa sababu habari tuliyoihitaji ilikuwa imeandikwa katika daftari ambalo hatukuwahi kulitia machoni.

Ilituchukua miezi kupata ukweli. Upande wa juu zaidi, mahali ambapo hatukuwa tukipita, palikuwa na pampu kubwa iliyokuwa ikifanya kazi kuanzia usiku wa manane hadi kunapopambazuka. Mwenye pampu hakuwa mwizi kwa maana tuliyokuwa tumeizoea. Alikuwa na kibali, kilichotiwa sahihi na muhuri, kikitaja kiasi cha maji anachoruhusiwa kuchukua kwa siku. Hakuna mahali kibali hicho kilipotaja saa.

Tuwaeleze hesabu hiyo, maana hesabu ni silaha ambayo sisi wanamageuzi tumeitumia mara chache mno. Chukueni mfano tu, wala si takwimu za shamba hilo. Mtu akipewa kibali cha mita 864 za ujazo kwa siku, na akazichukua polepole usiku na mchana, atakuwa anatoa mtoni lita 10 kwa kila sekunde. Kijito chenye lita 40 kwa sekunde hakitalalamika sana. Lakini mtu huyohuyo, kwa kibali hichohicho, akiamua kuzichukua zote kwa muda wa saa 6, atakuwa anavuta lita 40 kwa sekunde. Yaani kijito chote. Jioni mkaguzi akija na kusoma mita, atakuta kiasi halali kabisa, na atatia sahihi. Mama aliyefika kivukoni alfajiri na mtungi mgongoni hamo katika hesabu ya mkaguzi.

Basi swali letu la leo si kama maji yawe na sheria au yasiwe nayo. Swali ni nani anayeiandika karatasi hiyo, nani anayeulizwa kabla haijaandikwa, na nani anayeruhusiwa kuisoma.

Ndugu zetu, wengi wenu mnakumbuka neno kibali lilivyokuwa katika miaka ya 1990. Ili watu wakutane kuzungumzia mambo yao ilibidi waende kwa mkuu wa wilaya kuomba leseni ya mkutano, na mkuu wa wilaya alikuwa na uwezo wa kuinyima pasipo kujieleza. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilifutwa mwezi wa Desemba mwaka 1991, vyama vikawa vingi, lakini leseni ya mkutano iliendelea kutukaba hadi mwaka 1997, ilipobadilishwa kuwa taarifa tu kwa polisi. Mwaka huohuo Sheria ya Mamlaka ya Machifu ilipunguzwa makali. Wazee watakumbuka kwamba chini ya sheria ile ya kikoloni chifu aliweza kutoa amri kuhusu mambo mengi ya maisha ya kila siku, yakiwemo maji ya vijito vya mahali pake, na asiyetii alishtakiwa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya wenzetu, wakisikia neno kibali, huruka na kusema: kifutwe! Mto ni wa Mungu, tusiombe ruhusa kwa mtu! Tumelisikia jambo hili katika mikutano mitatu iliyopita, na linapigiwa makofi kila mara. Kwa heshima kubwa, tunakataa. Leseni ya mkutano ilistahili kufa kwa sababu maneno hayapungui kwa kusemwa na watu wengi. Nikisema mimi, hujanyimwa wewe. Maji si hivyo. Lita iliyoingia katika bomba la wa juu haiwezi kuingia katika mtungi wa wa chini. Kijito kisicho na kibali ni kijito cha mwenye pampu kubwa kuliko zote, na hapo hata karatasi ya kulalamikia haipo. Tunataka kibali kiwepo. Tunataka kiwe chetu.

Hapa inafaa tuangalie tulikotoka. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya maji, na maji ya nchi hii yakawekwa mikononi mwa Taji la Uingereza. Hapa Laikipia, kumbukeni, ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kuchukuliwa: Wamaasai walihamishwa kutoka nyanda hizi kufuatia mkataba wa mwaka 1911, na mashamba makubwa ya walowezi yakachukua nafasi ya malisho yao. Mlowezi aliyepata shamba alihitaji mto, na sheria ikampa njia ya kuupata kwa maandishi. Sheria nyingine ilianza kutumika mwaka 1952, ikajulikana baadaye kama Sura ya 372, na hiyo ndiyo tuliyoirithi. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Neno Taji likaondoka na neno Serikali likakaa mahali pake. Bodi ya kugawa maji ilibaki. Wazee wetu walionunua mashamba ya walowezi kupitia makampuni ya ununuzi wa ardhi, wakagawana ekari mbili mbili au tano tano, walikuta mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mwenye shamba mmoja na ng'ombe wake. Watu mia kadhaa wakaanza kuchota katika mfereji wa mtu mmoja, na kibali, kama kilikuwepo, kilikuwa na jina la mtu aliyekwisha kurudi kwao Uingereza.

Sura ya 372 iliishi miaka 50. Ni jambo la kutafakari. Tulibadilisha bendera, tukabadilisha marais, tukabadilisha idadi ya vyama, na sheria iliyoamua nani anywe ilikuwa ileile. Hatukuiandika hata mara moja katika orodha ya madai yetu ya mageuzi. Tulidai tume huru ya uchaguzi, tukadai redio isiwe ya chama kimoja, tukadai wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Yote yalikuwa ya haki. Lakini hakuna aliyesimama Kamukunji akauliza juu ya bodi ya maji.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika mwezi wa Machi mwaka 2003. Ilileta mamlaka maalumu ya kusimamia rasilimali za maji, mbali na wizara, na kwa mara ya kwanza ikatambua vyama vya watumiaji wa maji wa kila mto. Tuseme ukweli kwamba vyama hivyo havikubuniwa Nairobi. Baadhi ya mito ya mlima huu ilikuwa tayari na vyama vya namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, pale wenye mashamba ya maua na mboga za kuuzwa ng'ambo, wakulima wadogo na wafugaji walipoona kwamba wasipoketi pamoja watauana. Sheria ilikuja nyuma ikiwafuata wananchi, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Kisha ikaja Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 62 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Na katika Jedwali la Nne, ambalo watu wengi hulipita haraka wakitafuta pesa za kaunti, serikali ya taifa imepewa kazi ya kuhakikisha kwamba maji ya kutosha yanabaki mtoni. Yanabaki! Tunawaomba mlishike neno hilo. Kwa Katiba yetu, serikali ikimaliza kugawa vibali, mto lazima bado uwe mto.

Hatimaye Sheria ya Maji ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwezi wa Aprili mwaka 2017, ikasema kwamba rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya taifa kwa amana ya wananchi wa Kenya. Linganisheni na tulikoanzia. Mwaka 1929 maji yalikuwa ya Taji. Baadaye yakawa ya Serikali. Sasa ni amana. Na kila mtu aliyelelewa katika nyumba ya Mswahili, au ya Mmeru, au ya Msamburu, anajua mwenye kuwekewa amana anatakiwa kufanya nini mwenye mali anapobisha hodi. Hamwambii, rudi Jumatatu.

Sisi tuliambiwa, rudi Jumatatu. Baada ya kisa cha bomba tulikwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja kwa sababu tunaamini si ya peke yake, kuomba kuona orodha ya vibali vyote vilivyotolewa juu ya kijito chetu. Mara ya kwanza mwenye ufunguo wa kabati alikuwa mafunzoni. Mara ya pili tuliambiwa tulete barua ya chama. Mara ya tatu tulileta barua, na kijana mmoja mwenye adabu sana akatuuliza: "Nyinyi mnaitakia nini?" Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alishangaa kwelikweli. Katika miaka yake yote ya kazi, alituambia, waliokuja kuuliza juu ya vibali walikuwa waombaji au mawakili wao.

Kijana huyo alitufundisha zaidi ya alivyodhani. Daftari halikuwa limefichwa kwa njama. Lilikuwa limefungwa kwa mazoea, kwa sababu hakuna raia aliyewahi kulidai.

Na hapa ndipo sheria iko upande wetu kuliko tunavyojua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ombi katika muda usiozidi siku 21. Huhitaji wakili. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Unaandika barua kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, unabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa siku ya kupokelewa, unahesabu siku.

Tukishalipata daftari, tusome nini? Kamati imelijadili hili kwa kirefu, na tungependa mtuvumilie.

La kwanza ni jumla. Kila kibali hupimwa peke yake, na kikiwa peke yake huonekana kidogo. Hatari iko katika kujumlisha. Kijito chenye lita 50 kwa sekunde wakati wa kiangazi hupitisha mita 4,320 za ujazo kwa siku. Basi vibali vyote vilivyoandikwa juu yake vikijumlishwa na kufika mita 5,000, hakuna haja ya kumtafuta mwizi usiku. Ukame wa kijito hicho umekwisha kuandikwa ofisini kwa wino.

La pili ni aina ya maji. Utaratibu wa nchi hii hutofautisha maji ya kawaida ya mto na maji ya mafuriko. Maji ya kawaida ni ya nyumbani na ya mifugo kwanza. Mwenye kumwagilia mashamba kwa biashara hutegemewa achukue maji ya mafuriko wakati wa mvua, ayahifadhi katika bwawa lake, na kiangazi kikija atumie akiba. Ni mpango wa busara. Lakini bwawa lina gharama, na pampu ya moja kwa moja ni rahisi. Basi tukiona kibali cha mafuriko kinachofanya kazi mwezi wa Februari, tuna la kuuliza.

La tatu ni kipaumbele. Sheria ya mwaka 2002 ilisema, na ya mwaka 2016 imerudia, kwamba matumizi ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote. Mamlaka ina uwezo wa kukibadilisha kibali kilichokwisha kutolewa ikiwa kinasababisha upungufu wa maji ya nyumbani. Anayechota kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani, pasipo bomba wala mtambo, hahitaji kibali chochote. Mama mwenye mtungi, kwa hiyo, ndiye mwenye haki ya kwanza mtoni. Ila haki yake haina karatasi, haina namba, haina muhuri, na katika ofisi ambamo kila kitu ni karatasi, asiye na karatasi huhesabiwa kuwa hayupo. Zaidi ya hayo, kibali hushikamanishwa na kipande cha ardhi. Mwenye hati ya shamba ana mahali pa kukitundika kibali chake. Mfugaji anayepita na mifugo, au mama aliyepanga chumba sokoni, hana.

Tufanye hesabu moja zaidi, kisha tuiache hisabati. Ekari moja ya mboga wakati wa kiangazi hunywa, kwa makadirio yetu, milimita 4 za maji kwa siku. Hizo ni mita 16 za ujazo, yaani mitungi 800 ya lita 20. Nyumba inayotumia mitungi 10 kwa siku tunaihesabu kuwa imejaliwa. Ekari moja, basi, ni nyumba 80. Hatusemi ekari ilaaniwe. Mashamba hayo yanawapa watoto wetu ajira, na jirani yetu tuliyemkatia bomba aliishi kwa nusu ekari yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata mwenye pampu kubwa alifuata karatasi aliyopewa. Tunachosema ni kwamba anayetia sahihi ya ekari 50 anatia sahihi ya nyumba 4,000, na ni haki nyumba hizo ziwe na habari.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu waliyajua haya bila ofisi. Ni kweli kwa sehemu. Marakwet, kando ya bonde la Kerio, kuna mifereji iliyochimbwa karne kadhaa zilizopita, inayoshuka kutoka milimani kwa mteremko uliopimwa kwa macho tu, na koo hugawana maji yake kwa zamu ambazo kila mtu anazijua kwa kichwa. Mwizi wa zamu hakuhitaji mahakama. Aibu ilimtosha, na faini ya mbuzi. Tunauheshimu sana utaratibu ule, na tungependa mwanasheria yeyote anayedhani kwamba haki ya maji ilianza mwaka 1929 aende akautazame. Lakini tusijidanganye. Kwa desturi mfereji ulikuwa mambo ya wanaume; mwanamke, ambaye ndiye aliyebeba maji, hakuwa na sauti katika baraza lake. Na zamu inayojulikana kwa kichwa hufaa mahali ambapo watu wote wanajuana. Bonde letu hili la juu la Ewaso Ng'iro lilikuwa na watu wapatao 50,000 mwaka 1960. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wapatao 500,000. Wengi wetu hatumjui aliye kilomita tano juu yetu. Tumekwisha kuonyesha kwa panga kinachotokea hapo.

Sasa tugeukie upande wa chini, maana kuna jambo ambalo halikupigiwa makofi katika kamati yetu na pengine halitapigiwa hapa. Sisi nasi ni watu wa juu. Maji tunayolilia hapa hayaishii kwetu. Yanateremka hadi Archer's Post, mpakani mwa Samburu na Isiolo, na huko mbele huingia katika kinamasi cha Lorian. Watafiti waliopima mto pale Archer's Post wamerekodi kwamba katika mwezi wa Februari, miaka ya 1960, ulipitisha wastani wa takribani mita 9 za ujazo kwa sekunde. Katika miaka ya 1990 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi takribani mita 1. Mvua ya mlimani haikupungua kwa kiasi hicho. Yaliyopotea yaliingia katika mabomba yetu, makubwa na madogo, yenye vibali na yasiyo navyo. Na uchunguzi uliofanywa katika mito ya mlima huu ulionyesha mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya maji yanayochukuliwa kiangazi hayana kibali au yanazidi kibali.

Mfugaji wa Samburu anapopandisha ng'ombe wake kuelekea huku kiangazini, magazeti huandika kwamba wafugaji wamevamia mashamba. Hakuna gazeti linaloandika kwamba mashamba yalimvamia yeye kwanza, kimyakimya, kupitia bomba. Tukidai kuulizwa kabla mtu wa juu yetu hajapewa kibali, hatuna budi kukubali kwamba mtu wa chini yetu naye aulizwe kabla sisi hatujapewa. Kamati ilipiga kura juu ya jambo hili na lilipita kwa kura chache. Tunalisema ili ijulikane.

Na kwa kuwa tumetaja kura: chama chetu wenyewe cha watumiaji maji hakijafanya uchaguzi tangu mwaka 2016. Mwenyekiti ni yuleyule, mweka hazina ni yuleyule, na tunaosema nanyi leo, wengi wetu, ni walewale. Tuliitikisa nchi tukisema mtu mmoja asikae madarakani miaka 24, kisha tukakalia kiti cha kijito. Msituruhusu. Vyama hivi hupewa nafasi ya kutoa maoni juu ya maombi ya vibali. Kamati isiyochaguliwa ikitoa maoni, maoni hayo ni ya nani? Tumeshika tarehe ya uchaguzi kabla ya mvua za masika, na theluthi ya viti, kwa uchache, itakuwa ya wanawake. Tungependa iwe zaidi.

Tunafikia jambo lililotuita. Katika ubao wa matangazo kuna karatasi, imebandikwa nyuma ya tangazo la chanjo ya mifugo, inayosema kwamba kuna ombi jipya la kuchukua maji kutoka katika kijito chetu, juu ya kivuko. Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Aliyeiona ni msichana wa kidato cha tatu aliyekwenda pale kutafuta jina la kaka yake katika orodha ya basari. Sheria inasema ombi la kibali ni lazima lipitie ushiriki wa umma, na mtu yeyote anayelipinga anaweza kuandika pingamizi lake kwa Mamlaka. Pingamizi likipuuzwa, ipo Mahakama Maalumu ya Maji, na juu yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hatujaamua kwamba ombi hili ni baya. Hatulijui vya kutosha kuliita baya, na tumekwisha kujifunza gharama ya kuhukumu bila kujua. Pingamizi tuliloandika linaomba mambo machache: jumla ya vibali vyote vya kijito ionyeshwe kwanza, kibali kikitolewa kitaje kiasi kwa sekunde na saa za kuchukua, si kiasi kwa siku peke yake, ubao wa vipimo usimikwe kivukoni, mahali ambapo mtu asiyejua kusoma ataweza kuona mstari mwekundu ambao maji hayaruhusiwi kushuka chini yake, na tangazo lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha za watu waliopo, sokoni siku ya soko na makanisani na msikitini.

Nakala za pingamizi ziko juu ya meza ile chini ya mti, pamoja na barua ya kuomba daftari. Jirani yetu wa vitunguu ametangulia kutia sahihi, na tunamshukuru. Njooni na vitambulisho. Asiyejua kuandika ataweka kidole gumba, wino upo. Akina mama wanaotoka mbali wapite mbele, ili wawahi kurudi kabla ya giza. Watu sita watapeleka karatasi hizo Jumatatu asubuhi, na tunahitaji wawili zaidi, ikiwezekana mmoja wao awe kijana wa kike anayesoma Kiingereza kwa haraka. Siku ya 21 tutakutana tena hapahapa, jibu liwe limekuja au halijaja.